Sauti Kabla ya Picha: Wasimulizi wa Vibanda vya Video na Chimbuko la Waongozaji Filamu Huru Uganda, kwa Kurejelea Mbale na Jinja

Ikisiri

Swali la nani aliwaathiri waongozaji filamu huru wa Uganda hujibiwa mara nyingi kwa orodha ya maabara za mafunzo, tamasha na waongozaji mashuhuri wa nje. Makala haya yanalitazama swali hilo kutokea mashariki mwa nchi, katika miji ya Mbale na Jinja. Yanadai kwamba mwalimu wa kwanza wa kizazi hicho alikuwa msimulizi wa kibanda cha video, anayejulikana kwa jina la VJ, na kwamba kazi yake haieleweki bila historia ya lugha ya eneo hili. Hoja hiyo inahusishwa na sera ya Kiswahili nchini Uganda na sheria zinazovigusa vibanda.

Utangulizi: huru dhidi ya nani?

Katika historia za sinema, neno "huru" hupata maana kutokana na kile ambacho mwongozaji amejitenga nacho. John Cassavetes alipotoa Shadows mwaka 1959 huko Marekani, uhuru wake ulipimwa dhidi ya studio za Hollywood. Ousmane Sembène alipotengeneza Borom Sarret nchini Senegal mwaka 1963, alijitenga na kamera ya mkoloni iliyokuwa imemtazama Mwafrika bila kumsikiliza. Hata kwa jirani zetu wa Tanzania, ambako Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, mtengenezaji filamu wa baadaye alikuwa na chombo cha umma cha kukisifu au kukilaumu.

Uganda haikuwa na cha kujitenga nacho. Hapakuwa na studio ya filamu za hadithi, wala shirika la umma la kuzigharimia. Filamu ya Feelings Struggle ya Ashraf Ssemwogerere, iliyotoka mwaka 2005 na ambayo hutajwa mara nyingi kuwa ndiyo iliyofungua wimbi la sasa, haikuvunja mlango wowote, kwa kuwa hapakuwa na nyumba. Mwongozaji filamu wa Uganda ni huru kwa namna ambayo yatima yu huru. Ndiyo maana swali la athari lina uzito wa pekee hapa: mtu asiye na mzazi wa kitaasisi amelelewa na nani?

Jibu la kawaida huanzia Kampala na kuelekea nje. Sina nia ya kulikana, na nitalirudia hapa chini. Lakini linaruka hatua moja, nayo ni hatua inayowahusu moja kwa moja wanaisimu na washauri wa sera ya lugha.

Lugha zilizotangulia filamu

Mbale kama mji ni matokeo ya tafsiri. Mwanzoni mwa karne ya 20, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekuwa akiutumikia utawala wa Waingereza, aliweka makao yake chini ya Mlima Elgon katika nchi ya Wamasaba, akaleta pamoja naye mfumo wa utawala wa Buganda na makarani, wakatekista na walimu waliokuwa wakizungumza Luganda. Mwaka 1906 Waingereza walimhamishia Jinja kuwa rais wa baraza la Busoga. Kwa njia hiyo Luganda ikawa lugha ya baraza, ya kitabu cha dini na ya shule katika sehemu kubwa ya mashariki, juu ya Lumasaba, Lusoga na lugha nyingine za hapo.

Kiswahili kiliingia kwa mlango mwingine. Kilikuja na misafara ya biashara, kisha na jeshi la King's African Rifles, polisi na reli. Jinja, yenye kambi ya jeshi na, baada ya Bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, viwanda vilivyovuta wafanyakazi kutoka pande zote za eneo hili, ulikuwa mji ambamo Kiswahili kilikuwa chombo cha kazi. Mbale, kwa ukaribu wake na mpaka wa Kenya, haikuwa tofauti sana sokoni. Hata hivyo lugha hiyo ilibeba harufu ya bunduki. Gavana Gowers alipotaka kuipa nafasi kubwa zaidi mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa alipinga, na uongozi wa makanisa nao ukapinga. Idi Amin alipoitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, aliifanyia hisani ambayo bado tunailipia.

Matokeo yake ni kwamba mtu wa Mbale wa katikati ya karne iliyopita alikuwa amezoea kusikia neno kubwa likifika kwake kupitia kinywa cha mtu wa pili. Amri ilitoka kwa Kiingereza na kufika kwa Luganda, mahubiri vilevile, kesi mahakamani vilevile. Mkalimani hakuwa bomba tupu la kupitisha maneno. Aliongeza, alipunguza, alichekesha, alionya. Filamu ilipofika, ilikuta kazi hiyo tayari ina kiti chake.

Lori la sinema

Kati ya 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye kituo chake Vugiri katika Tanganyika, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, ulitengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya Waafrika na kuzizungusha kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Filamu zilihusu kilimo, afya, kuweka akiba na ubaya wa tapeli wa mjini. Tatizo kubwa la mradi, ukiachilia mbali mashine, lilikuwa lugha. Watengenezaji walirekodi maelezo kwenye santuri kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo, na pale santuri iliposhindwa mtu alisimama na kipaza sauti akaeleza. Kikosi cha Filamu cha Makoloni kilichoundwa mwaka 1939 kiliendeleza desturi hiyo, na mwanzilishi wake, William Sellers, alimwona mfafanuzi anayesimama kando ya skrini kuwa sehemu ya lazima ya onyesho.

Wanahistoria wa sinema ya kikoloni wamejadili sana nadharia za Sellers kuhusu uwezo wa Mwafrika wa kuona picha, nadharia ambazo leo zinasomeka kwa aibu. Wamemjadili kwa uchache mno yule mfafanuzi. Yeye ndiye aliyekuwa na mamlaka halisi usiku ule. Afisa aliyekaa pembeni hakuweza kujua kama maneno yaliyowafanya watu wacheke yalikuwa ya filamu au ya mfafanuzi mwenyewe.

Sidai kwamba kuna mstari ulionyooka kutoka kwa mfafanuzi wa lori hadi VJ wa miaka ya 1990. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho kinatosha: hadhira ya mashariki mwa Uganda haijawahi, kwa wingi wake, kuijua filamu ya kigeni kama kitu kinachojieleza chenyewe.

Kibanda

Kumbi za sinema za miji ya Uganda zilikuwa kwa sehemu kubwa mali ya Waasia, na filamu za Kihindi zilikuwa mhimili wake. Mwezi Agosti 1972 Amin alitoa amri ya kuwafukuza, akiwapa siku 90. Wenye kumbi walipoondoka, mtandao wa usambazaji nao ulikwenda nao. Katika miaka ya vita na uhaba iliyofuata, kumbi nyingi nchini ziligeuka maghala, na baadaye makanisa ya kilokole. Kilichochukua nafasi yake kilikuwa kidogo na cha bei nafuu: televisheni, mashine ya kanda za VHS, jenereta, mabenchi, kuta za mbao au matete, na ubao mlangoni wenye orodha ya filamu iliyoandikwa kwa chaki. Waganda wanakiita ekibanda, nasi hatuna haja ya kukitafutia neno jingine.

Humo ndimo VJ alipozaliwa. Hupunguza sauti ya filamu, hushika kipaza sauti na kuanza. Humweleza mtazamaji nani ni nani. Huwapa wahusika majina ya mtaani, huutaja mji wa Hong Kong kana kwamba uko nyuma ya soko, huonya kwamba huyu anayetabasamu atamsaliti mwenziwe, na picha inapopoa huingiza habari za bei ya sukari. Kwanza kazi hii ilifanywa papo hapo, mbele ya watu. Baadaye sauti ilirekodiwa pamoja na picha na kuuzwa. Majina kama VJ Jingo yakajulikana kuliko ya waigizaji wa filamu zenyewe. Tanzania ilikuwa na Kapteni Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu. Kenya ina DJ Afro. Mwanaanthropolojia Matthias Krings, aliyeichunguza sanaa hii Tanzania, aliupa utafiti wake jina linalozungumzia kugeuza wali kuwa pilau, na sidhani kama kuna maelezo bora kuliko hayo: mchele ni uleule, lakini aliyekula hakumbuki tena kuwa ulikuwa mchele mtupu.

Kanda za ma-VJ wa Kampala zilipoanza kusafiri kwenda mashariki, zilipita katika njia iliyokuwa imefyekwa na Kakungulu. Luganda ilieleweka Jinja na Mbale kwa sababu baba na babu waliisikia kanisani na barazani. Hakuna tume iliyoamua hivyo. Kijana wa Kimasaba aliyelipa shilingi chache kumtazama Bruce Lee alikuwa pia anapata somo la Luganda, na ambaye hakuelewa neno alimuuliza jirani yake kwenye benchi.

Mwongozaji aliyelelewa na masikio

Mfano unaojulikana zaidi duniani wa mwongozaji huru wa Uganda ni Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, mwanzilishi wa Ramon Film Productions mwaka 2005, ambayo dunia inaijua kama Wakaliwood. Filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ilitengenezwa kwa gharama ambayo yeye na wenzake husema haikufika dola 200. Kompyuta aliziunganisha mwenyewe kwa vipuri vilivyotumika. Awali alikuwa akifyatua matofali. Waigizaji waliuza diski nyumba kwa nyumba, wakishindana na wezi wa nakala kwa siku chache tu.

Waandishi wa habari wa nje hupenda kumlinganisha na waongozaji wa filamu za mapigano wa Hollywood, naye hawatupi: Chuck Norris na Rambo wamo katika masimulizi yake. Lakini tusikilize kwa makini anavyoeleza utoto wake. Nabwana hakuziona filamu hizo ukumbini. Alisimuliwa na ndugu yake, aliyekuwa akienda kuzitazama na kurudi nyumbani kuziigiza kwa maneno. Athari ya Hollywood juu yake ilipita kwanza katika kinywa cha mtu. Hapa nashindwa kujizuia kumkumbuka Akira Kurosawa wa Japani, ambaye kaka yake mkubwa, Heigo, alikuwa benshi, yaani msimulizi wa filamu zisizo na sauti. Waongozaji hawa wawili, ambao hakuna mhakiki angewaweka katika sentensi moja kwa sababu ya mtindo, wote waliijua sinema kupitia ndugu anayesimulia.

Toleo la Captain Alex linalotazamwa leo lina sauti ya VJ Emmie kutoka mwanzo hadi mwisho. Filamu yenyewe inamtangazia mtazamaji mwanzoni kabisa kwamba toleo lisilo na sauti hiyo limepotea. Jambo hili huchukuliwa kama kichekesho. Kwa mtafiti ni ushahidi: katika mazingira haya, usimulizi ndio uliodumu, na picha safi ndiyo iliyopotea. Tena VJ Emmie hatafsiri. Anasifu, anakejeli, anatabiri, anawashangilia makomando wa Uganda. Mwongozaji amemwachia nafasi ndani ya filamu kama mtunzi wa muziki anavyomwachia mwimbaji. Tazama jinsi matukio yalivyokatwa, jinsi mapigano yanavyorefushwa na mazungumzo kufupishwa: hii ni filamu iliyotungwa na mtu ajuaye kuwa kutakuwa na sauti ya pili.

Njia nyingine kutoka mashariki

Ingekuwa upotoshaji kudai kwamba wote walipita kibandani. Dilman Dila, mzaliwa wa Tororo, mwendo mfupi kusini mwa Mbale, alianza kama mwandishi wa hadithi. Filamu yake fupi What Happened in Room 13 ya mwaka 2007 ilipata watazamaji wengi sana katika YouTube. The Felistas Fable ya mwaka 2013 inahusu mwanamke aliyelaaniwa kwa harufu mbaya, anayelazimika kumtafuta mwingine wa kuibeba laana hiyo. Ilipata tuzo katika Tamasha la Filamu la Uganda mwaka 2014. Mwaka 2017 alitoa Her Broken Shadow, filamu ya kisayansi ya kubuni, aina ambayo wengi walidhani haiwezekani bila fedha nyingi. Dila alipitia Maisha, maabara ya filamu iliyoanzishwa Kampala katikati ya miaka ya 2000 na Mira Nair, mwongozaji wa Mississippi Masala. Maabara hiyo iliwakusanya vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda chini ya jina la Kiswahili, huku miswada ikiandikwa kwa Kiingereza. Lawama si ya maabara peke yake. Vyuo vyetu vingi vinafanya vivyo hivyo.

Hata hapa hadithi ya mdomo haiko mbali. Felistas ni ngano iliyovaa nguo za mjini. Laana inayohamishika, mganga mwenye masharti, safari ya kumtafuta wa kuibeba: muundo huo msikilizaji wa masimulizi ya jioni anautambua kabla ya dakika ya kumi.

Donald Mugisha naye, katika The Boda Boda Thieves ya mwaka 2015, alimfuata wazi Vittorio De Sica na Bicycle Thieves ya mwaka 1948, akiiweka pikipiki ya kijana wa Kampala mahali pa baiskeli ya Roma. Mhakiki wa Ulaya ataona athari ya Italia na kuishia hapo. Mtu wa mashariki ataongeza kwamba boda boda yenyewe ilianza kama baiskeli huko Busia, ikivusha watu na mizigo kati ya kituo cha mpaka cha Uganda na cha Kenya, na jina lake limetokana na neno la Kiingereza la mpaka. De Sica aliipata baiskeli yake ikimsubiri.

Wamasaba wenyewe wamepigwa picha zaidi kuliko walivyopiga. Imbalu, tohara ya vijana inayofanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili na kufunguliwa Mutoto karibu na Mbale, imewavuta wapigapicha kwa miongo mingi. Filamu ya kianthropolojia ya Richard Hawkins iliyotengenezwa na Suzette Heald miaka ya 1980 ndiyo inayofundishwa zaidi vyuoni. Ni kazi ya heshima. Lakini ndani yake Lumasaba ni lugha ya kutafsiriwa kwenda nje. Filamu ya hadithi ambamo Lumasaba haimwelezei mgeni chochote, bali inamsimulia Mmasaba, inahitaji mwongozaji aliyezoea kuiamini lugha hiyo mbele ya hadhira inayolipa. Mazoezi ya namna hiyo hutolewa na kibanda pekee.

Sheria na sera

Amakula, tamasha lililoanzishwa Kampala mwaka 2004, lilikuwa na busara ya kuwapandisha ma-VJ jukwaani kushindana, likawatambua kuwa wasanii. Dola haijafika huko. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, VJ anayeweka sauti yake juu ya filamu ya mtu bila idhini ni mkiukaji. Kwa Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013, kumbi za kuonyeshea na maktaba za video zinahitaji leseni. Zote mbili zina sababu zake. Mwongozaji wa Uganda ambaye diski yake inanakiliwa siku ya pili ana haki ya kulindwa, na siungi mkono mapenzi yanayousifu wizi kama utamaduni. Lakini sheria hizi zinakitazama kibanda kama mahali pa biashara na hatari tu. Hakuna kifungu kinachotambua kwamba usimulizi ni kazi ya lugha inayoweza kupewa idhini, kulipiwa na kurekodiwa kwa jina la aliyeifanya.

Upande wa pili kuna sera ya Kiswahili. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, itumike katika mazingira yatakayowekwa na sheria ya Bunge. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mjadala tangu hapo umekuwa wa walimu, vitabu na vipindi. Hayo ni ya lazima. Hata hivyo historia niliyoieleza inaonyesha lugha mbili zilizofika Mbale: moja kwa amri na nyingine, katika awamu yake ya pili, kwa raha. Luganda ya kibandani haikuhitaji mtihani. Kiswahili, ambacho kina filamu nyingi kutoka Dar es Salaam na Nairobi na wasimulizi mahiri ng'ambo ya Malaba na Busia, hakijatumia mlango huo kwa mpango wowote.

Pendekezo linalofuata si la gharama kubwa. Filamu za Tanzania na Kenya zenye ridhaa ya watengenezaji wake zinaweza kutolewa kwa vibanda vya Mbale na Jinja zikiwa na usimulizi wa Lumasaba, Lusoga au Ateso juu ya Kiswahili kinachosikika, si kilichozimwa. Vivyo hivyo filamu za waongozaji wa mashariki zikasimuliwa kwa Kiswahili kwenda upande wa pili. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina mamlaka ya kuratibu ridhaa hizo kuvuka mipaka, jambo ambalo mwongozaji mmoja mmoja hawezi. Masharti mawili yasilegezwe: VJ alipwe na atajwe, na mswada wa maneno yake usipitishwe kwanza mezani kwa mkaguzi. Kanuni za maonyesho zilizopendekezwa mwaka 2019, zilizotaka miswada ya kazi za sanaa ichunguzwe kabla, haziwezi kukaa pamoja na sanaa inayozaliwa papo hapo.

Wakati huohuo kuna jambo lisilosubiri Bunge. Kanda za VHS za miaka ya 1990 zinaoza, na nyingi zilirekodiwa juu ya nyingine tangu mwanzo kwa sababu kanda tupu ilikuwa ghali. Diski zimefuata, na sasa filamu zilizosimuliwa zinahamishwa kutoka kompyuta ya kioski hadi simu na kufutwa wiki inayofuata. Mbale na Jinja zote zilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, na Mbale ina Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu 1988. Ukusanyaji wa sauti hizi, pamoja na mahojiano na wasimulizi wazee kwa lugha wanazozichagua wenyewe, unaweza kuanza kwa kinasa sauti kimoja na orodha ya vibanda ambavyo bado vina mashine ya kanda chini ya meza.